KURA CHINI YA MUKONO MUZITO
Maelezo juu ya uchaguzi wa mashindano katika inchi ambamo mutawala hapendi kushindwa

Kuna ulizo moja ambalo karibu kila padri na kila katekista wa Katanga amekwisha kuulizwa, hasa katika miaka ya uchaguzi: «Kupiga kura kuna faida gani, ikiwa wakubwa wamekwisha kuandika jina la mushindi mbele yetu?» Wanaouliza hivi si watu wavivu. Wengi wao waliamuka saa kumi ya usiku, wakasimama katika mulolongo hata jua likawa kali, wakatia kura yao, kiisha wakasikia katika radio hesabu ambayo hawakuisadiki. Kuwajibu tu, «Ni wajibu wako, ndugu», haitoshi. Kuwajibu, «Kweli, ni bure», ni vibaya zaidi. Inafaa basi tulielewe jambo lenyewe vizuri, ndipo tujue namna ya kuwafundisha.

Katika ukurasa huu tutaeleza maana ya utawala wa namna hii, mizizi yake katika inchi yetu, mambo yaliyotokea mupakani Kasumbalesa katika mwaka 2018, vyombo ambavyo mutawala anatumia, na mwisho kazi yetu sisi watumishi wa Eklezia.

I. Maana yake

Tumezoea kuzigawanya tawala za dunia kwa mafungu mawili: huku demokrasia, ambako raia wanachagua wakubwa wao na kuwaondosha, kule udikteta, ambako mutu mumoja anaamuru na wengine wananyamaza. Lakini inchi nyingi za siku hizi haziko huku wala kule. Wataalamu wawili, Steven Levitsky na Lucan Way, walieleza katika mwaka 2002 fungu la tatu: utawala wa mabavu unaokubali mashindano. Tuseme kwa maneno mepesi: uchaguzi uko, na vyama vya upinzani viko, magazeti yanaandika, wakandida wanazunguka katika muji na kuhubiri. Hata mutawala anaogopa, kwani anaweza kushindwa kweli. Ila uwanja umeinama.

Tuangalie mufano wa mupira. Mupira ni wa kweli, wachezaji ni kumi na mumoja kila upande, na watu wamejaa kutazama. Lakini timu moja inacheza kutoka juu kwenda chini, na ile ingine inapanda mulima. Mwamuzi anakula katika nyumba ya timu ya juu. Mara kwa mara muchezaji muzuri wa timu ya chini anazuiwa mulangoni, wanasema karatasi yake haiko sawa. Je, muchezo huo ni uwongo mutupu? Hapana. Timu ya chini inaweza kutia goli, na mara moja moja inashinda. Je, ni muchezo wa haki? Hapana vilevile. Ndiyo hali tunayosemea hapa.

Mutu atauliza: ikiwa mutawala ana askari na mali, sababu gani anajisumbua kwa uchaguzi? Ana sababu zake. Anatafuta kusadikiwa na inchi za kigeni na wale wanaokopesha feza. Anatafuta kujua, mahali kwa mahali, nani yuko naye na nani amemuacha. Tena kwa njia ya viti vya madepite anapata kugawanyia watu wake nafasi bila wao kupigana. Lakini faida hizo anazilipa kwa bei kubwa: kila miaka mitano sherti afungue mulango, hata kidogo, na hajui hakika nani atapita. Mulango huo mudogo ndio unaopa kura ya raia maana yake.

II. Mizizi katika inchi yetu

Wamoja wanasema kwamba mambo haya yalianza juzi. Sivyo. Uchaguzi wa kwanza wa Wakongo ulifanyika chini ya utawala wa Wabelgiji, mwezi wa 12 mwaka 1957, katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Walipiga kura wanaume tu, na walichagua washauri wa komini tu. Mamlaka kubwa ilibaki mukononi mwa serkali ya ukoloni. Hata hivyo mashindano yalikuwa ya kweli. Katika Elisabethville watu wenye asili ya Kasai walipata nafasi kubwa, na wengine waliojiita wenyeji wakaogopa. Katika hofu ile Conakat ilizaliwa, mwezi wa 10 mwaka 1958. Hapa tunaona fundisho la kwanza: mahali ambapo mamlaka haitolewi yote kwa raia, wanapewa kipande tu, watu wanapigania kile kipande wao kwa wao, na mara nyingi wanakipigania kwa jina la kabila.

Katika mwaka 1965 vyama vilishindana tena, na muungano wa Moïse Tshombe, CONACO, ulipata viti vingi vya baraza. Lakini Prezidenti Kasa-Vubu na Tshombe hawakupatana, na tarehe 24 ya mwezi wa 11 jeshi la Mobutu lilitwaa mamlaka. Kiisha ikaja chama kimoja, MPR, katika mwaka 1967. Mwaka 1970 Mobutu alisimama peke yake. Raia walipewa karatasi ya majani mabichi kwa kusema ndiyo na karatasi nyekundu kwa kusema hapana. Hesabu ya Leta ilisema kwamba watu zaidi ya milioni 10 walikubali, na watu 157 tu walikataa. Huo haukuwa uchaguzi wa mashindano. Ulikuwa mukutano wa kupiga makofi.

Tarehe 24 ya mwezi wa 4, mwaka 1990, Mobutu alifungulia vyama vingi mulango. Lakini zilipita vita na miaka 16 mbele raia hawajapata kuchagua Prezidenti kati ya wakandida wengi. Katiba mpya ilitangazwa tarehe 18 ya mwezi wa 2, mwaka 2006. Fungu lake la 70 linasema Prezidenti anachaguliwa kwa miaka mitano na anaweza kurudishwa mara moja tu, na fungu la 220 linakataza kabisa kugeuza hesabu hiyo. Mwaka ule wa 2006 Joseph Kabila alishinda Jean-Pierre Bemba katika duru ya pili, kwa kura 58 juu ya 100. Msimamizi wa tume ya uchaguzi alikuwa padri, Abbé Apollinaire Malumalu. Wakristu wengi walifurahi. Tangu pale mutihani ukaanza.

III. Mupaka wa Kasumbalesa, mwaka 2018

Kasumbalesa inajulikana na wote. Iko katika teritware ya Sakania, kadiri ya kilometri 90 kutoka Lubumbashi, na ng'ambo yake ni Zambia, njia ya kwenda Chililabombwe. Makamyo yanapanga mustari murefu: yanatoka na shaba na kobalti, yanaingia na unga, mafuta na vyombo vya migodi. Duane ya hapa inaingizia Leta feza nyingi. Basi mupaka huu ni mulango wa mali; katika mwaka 2018 tuliona kwamba ni mulango wa siasa vilevile.

Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hata 2015. Katika mwaka 2015 alijitenga na Prezidenti Kabila, mwaka uleule provensi ya Katanga ilipogawanywa kwa provensi ine. Mwezi wa 5 mwaka 2016 alitangaza kwamba atasimama kwa kiti cha Prezidenti. Siku chache nyuma alishitakiwa kwamba aliajiri askari wa kigeni. Akatoka inchini kwa matunzo ya daktari. Mwezi wa 6 tribinali ya Lubumbashi ilimuhukumu, yeye mwenyewe hayupo, miaka mitatu ya kifungo juu ya shauri la nyumba. Mwamuzi mumoja wa shauri lile alisema nyuma kwamba alisukumwa kwa nguvu kutia saini.

Mwezi wa 8 mwaka 2018 siku za kuandikisha wakandida zilikuwa zinakwisha; siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8. Katumbi alitaka kushuka na ndege katika Lubumbashi, ndege ikakataliwa ruhusa. Tarehe 3 akaja kwa barabara, kupitia Zambia, hata Kasumbalesa. Watu wake walimungojea upande wetu. Polisi walitumia moshi wa kutoa machozi. Watu wa uhamiaji hawakumuruhusu kuingia. Tarehe 8 ikapita, na jina lake halikuandikwa.

Tuchunguze vizuri jambo hili, kwa maana lina fundisho kubwa. Hakuna sheria iliyosema, «Mutu huyu asishindane». Hakuna mukutano wa baraza uliokata shauri hilo. Muhuri mumoja haukugongwa, basi. Udikteta wa zamani ulifunga mushindani kwa amri yenye kutangazwa. Utawala tunaousemea unamufunga kwa karatasi, kwa ofisi, kwa saa ya kufunga mulango. Kila mutumishi aliyesimama pale angeweza kusema: «Mimi ninafuata kanuni tu.» Na dhambi yenye kugawanywa kwa watu wengi hivi haionekani kwa macho, kila mutu anabeba kipande kidogo na kulala usingizi.

Tuone mwisho wake. Katika mwezi wa 4 mwaka 2019, Prezidenti mwingine akiwa katika kiti, korti kubwa ilifuta ile hukumu. Tarehe 20 ya mwezi wa 5 Katumbi alirudi Lubumbashi mbele ya watu wengi. Mwaka 2023 alisimama na alipata kura kadiri ya 18 juu ya 100, nafasi ya pili. Mutu ni yuleyule na katiba ni ileile. Upepo wa siasa ndio uliogeuka. Mahali ambapo haki inafuata upepo, mutu yeyote hana haki kamili, hata yule ambaye upepo unamusaidia leo.

Hatuandiki hivi kwa kumusifu mukandida. Kama kesho yeye mwenyewe angekuwa mutawala, tungemupima kwa kipimo hikihiki.

IV. Vyombo vya kuinamisha uwanja

Katekista anayetaka kufundisha vizuri ajue vyombo hivi, moja kwa moja.

Kwanza, kuchagua washindani. Tumeona mufano wa Kasumbalesa. Ng'ambo ya mupaka jirani zetu walijua namna ingine: mwaka 1996 katiba ya Zambia iligeuzwa, ikataka Prezidenti awe na baba na mama wote wawili wa Zambia. Hivi Kenneth Kaunda, aliyetawala miaka 27, alizuiwa kusimama tena, kwa kuwa wazazi wake walitoka inchi ya Malawi. Katika mwaka 2021 mupango unaofanana ulipelekwa katika baraza letu la Kinshasa, juu ya baba na mama Wakongo. Haukupitishwa mbele ya uchaguzi wa 2023, lakini ulitia watu hofu.

Pili, kugeuza kanuni wakati muchezo unakaribia. Mwezi wa 1 mwaka 2011, miezi kumi mbele ya kura, katiba yetu iligeuzwa: duru mbili za kumuchagua Prezidenti zikawa moja. Tangu siku ile mutu anaweza kutawala hata ikiwa zaidi ya nusu ya wapigaji kura hawakumutaka, mradi wapinzani wamegawanyika. Na kuwagawanya ni kazi rahisi kwa mwenye feza.

Tatu, kuchelewesha. Muda wa Prezidenti Kabila ulikwisha mwezi wa 12 mwaka 2016, na uchaguzi haukufanyika. Watu waliliita jambo hilo «kuteleza». Maaskofu wa CENCO walikalisha pande mbili pamoja, na usiku wa mwisho wa mwaka, sikukuu ya Mutakatifu Silvestri, mukataba ukatiwa saini: uchaguzi ufanyike mbele ya mwisho wa 2017. Haukufanyika. Ndipo walei wa Kinshasa waliitisha maandamano ya amani, tarehe 31 ya mwezi wa 12, mwaka 2017, tena mwezi wa 1 na wa 2 wa 2018. Watu walitoka Misa na rozari mukononi, wakakuta risasi. Kati ya waliokufa alikuwako binti aliyejitayarisha kuwa mutawa. Aliuawa mbele ya kanisa la parokia.

Ine, mali ya Leta. Televizyo ya Leta inaonyesha upande mumoja. Magari, ndege na feza za serkali zinaingia katika kampanye. Mwalimu na mutumishi wanaogopa kupoteza mushahara. Hapa hakuna sheria inayovunjwa mbele ya macho ya watu, lakini uzani hauko sawa.

Tano, waamuzi. Tume ya uchaguzi, CENI, na Korti ya Katiba vinaweza kuwa na watu waaminifu. Lakini ikiwa wenye kuwaweka ni wenye kushindana, nani atasadiki hukumu yao?

Sita, giza. Tarehe 31 ya mwezi wa 12, mwaka 2018, siku moja nyuma ya kura, intaneti ilizimwa katika inchi nzima, ikabaki imezimwa karibu siku 20, ndiyo kusema kwa wakati wote wa kuhesabu na kutangaza.

V. Hesabu ya kura

Wakristu wengi wanafikiri kwamba wizi unafanyika ndani ya sanduku. Mara nyingi sivyo. Tufuate njia ya kura. Jioni, biro ikiisha kufungwa, kura zinahesabiwa palepale mbele ya mashahidi wa vyama na wachunguzi. Hesabu inaandikwa katika karatasi ambayo wote wanaiita PV; wanatia saini, na nakala inabandikwa mulangoni kwa kusomwa na watu. Kiisha karatasi zinapelekwa katika kituo cha kujumulisha, na kutoka pale hesabu zinafika Kinshasa. Sanduku lina macho mengi. Njia ina macho machache. Basi hatari kubwa iko kati ya mulango wa biro na meza ya Kinshasa.

Mwaka 2011 wachunguzi wa Carter Center walisema kwamba mahali pamoja katika Katanga yetu, hesabu zilionyesha karibu watu wote walioandikwa wamepiga kura, 99 ao 100 juu ya 100, na karibu wote kwa Kabila. Kila mutu anayejua vijiji vyetu anaelewa: mvua, wagonjwa, wasafiri, waliokufa baada ya kuandikwa, hesabu kama ile haiwezekani. Kardinali Monsengwo alisema waziwazi kwamba matokeo hayakupatana na ukweli wala haki.

Mwaka 2018 ulikuwa mutihani muzito zaidi. Kura ilipigwa tarehe 30 ya mwezi wa 12, kwa mashini. Beni, Butembo na Yumbi waliachwa, wakaambiwa kungojea hata mwezi wa 3 mwaka 2019, Prezidenti akiwa amekwisha kuapa. CENCO ilituma wachunguzi kadiri ya 40.000. Mwanzo wa mwezi wa 1 Abbé Donatien Nshole, katibu wa CENCO, alitangaza kwamba kadiri ya karatasi zilizokusanywa, mushindi alionekana wazi. Lakini jina hakulitaja, kwa sababu sheria inaachia CENI peke yake kutangaza matokeo. Usiku wa kuamukia tarehe 10 CENI ilimutaja Félix Tshisekedi na kura 38,57 juu ya 100, mbele ya Martin Fayulu na 34,8. Maaskofu wakasema hesabu hiyo haipatani na ile ya wachunguzi wao. Magazeti ya kigeni na watafiti waliochunguza karatasi zilizotoka ndani waliona kwamba Fayulu alipita wote, na karibu kura 59 juu ya 100. Korti ya Katiba ilikataa malalamiko yake tarehe 20, na siku ine nyuma Tshisekedi aliapa.

Tangu siku ile wamoja wanawalaumu maaskofu kwamba walisema nusu ya ukweli. Wengine wanawalaumu kwamba walisema kabisa. Tupime bila haraka. Kama wangetaja jina, wangevunja sheria, na labda damu ingemwagika. Kama wangenyamaza, wangekuwa mashahidi wa uwongo mbele ya watu waliowaamini. Walichagua kusema waliyoyaona na kuacha hukumu kwa wale wenye mamlaka ya kuhukumu. Mutu anaweza kuona kwamba njia hiyo haikumaliza jambo. Lakini faida yake iko: uwongo haukupita bila kuonwa, na kila anayetaka kujua anajua kwamba hesabu mbili zilikuwako.

Mwaka 2023 kura ya tarehe 20 ya mwezi wa 12 ilichelewa mahali pengi, biro zingine zilifunguliwa siku zilizofuata. Tshisekedi alitangazwa na kura kadiri ya 73 juu ya 100. CENI yenyewe ilifuta wakandida 82 kwa wizi na fujo, wengine kwa kushika mashini za kura katika mikono yao. Kufuta vile kulikuwa kuzuri. Lakini raia wakauliza: ikiwa mashini zilikaa katika nyumba za watu kwa kura ya madepite, je, kwa kura ingine hazikufanya kitu?

VI. Ng'ambo ya mupaka

Mutu wa Kasumbalesa ana bahati ya kuona inchi mbili kwa siku moja. Zambia nayo ilijua chama kimoja. Katika mwaka 1990 maaskofu wake waliandika barua juu ya uchumi, siasa na haki. Kaunda alikubali vyama vingi, na mwaka 1991 akashindwa, akatoka kwa amani. Hata hivyo uwanja uliinama tena. Katika mwaka 2017 mukubwa wa upinzani, Hakainde Hichilema, alifungwa miezi mine kwa shitaka la kuhaini inchi, na maaskofu wakasema kwamba inchi yao inafanana na udikteta hata ikiwa haina jina hilo. Lakini tarehe 12 ya mwezi wa 8, mwaka 2021, mufungwa yule alishinda Prezidenti Edgar Lungu kwa kura 59 juu ya 100, na Lungu akakubali.

Sababu gani uwanja ulioinama haukumusaidia Lungu? Tutaje mbili. Watu walipiga kura kwa wingi sana, hasa vijana, na tofauti ikawa kubwa hata haikuweza kufunikwa. Tena makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, walikuwa na kundi lao la wachunguzi, Christian Churches Monitoring Group, lililochagua biro kwa ufundi wa hesabu, likajumulisha matokeo kwa upande wake. Tume ilijua kwamba kuna kipimo kingine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mikono mingi ilihesabu, na mwizi akaona njia imefungwa.

VII. Jibu kwa wenye kukata tamaa

Sasa turudie ulizo la kwanza. Katika mwaka 2006, kwa watu 100 walioandikwa, karibu 70 walipiga kura. Mwaka 2011 walikuwa karibu 59. Mwaka 2018 karibu 48. Mwaka 2023 karibu 43. Hesabu hii inapashwa kutuhuzunisha kuliko jina la mushindi yeyote. Mutawala mwenye mukono muzito hana rafiki mukubwa kuliko raia anayebaki nyumbani. Kura moja isiyopigwa ni nafasi tupu katika daftari, na nafasi tupu ni rahisi kujazwa na mutu mwingine.

Papa Pio XII, katika hotuba yake ya Noeli mwaka 1944, alitofautisha watu na umati: watu wanaishi kwa nguvu yao wenyewe, kila mumoja akijua wajibu wake na mawazo yake, umati unangoja kusukumwa na anayeupiga ngoma. Mutaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha kwamba kupiga kura kwa uhuru ni haki na wajibu kwa ajili ya mema ya wote. Na Papa Yoane Paulo II aliandika katika mwaka 1991 kwamba Eklezia inaheshimu demokrasia kwa sababu inawapa raia uwezo wa kuchagua wakubwa, kuwauliza hesabu na kuwaondosha kwa amani. Maneno hayo matatu yanakwenda pamoja. Anayepiga kura na asiulize hesabu amefanya sehemu ya kwanza tu ya kazi.

Basi jibu letu liwe hivi: kura yako si muchezo wa bure, lakini haitoshi peke yake. Sherti ilindwe usiku ule, ifuatwe njiani, na kukumbukwa miaka mitano yote.

VIII. Kazi yetu

Kwa mapadri na mafrateri. Sheria ya Eklezia, katika kanuni 285 na 287, inakataza padri kushika kazi yenye mamlaka ya serkali, na kujitia katika chama cha siasa. Katazo hili linatulinda. Muchungaji aliyevaa rangi ya chama hawezi kuwa shahidi wa hesabu. Siku atakaposema ukweli, watu watasema ni chama chake kinachosema. Altare isiwe pahali pa kampanye, hata kwa mukandida mutoto wa parokia, hata kwa yule aliyeleta mabati ya kanisa. Zawadi ya wakati wa kampanye ipokelewe kwa akili nyingi, ao irudishwe. Lakini kutokuwa na chama si kutokuwa na sauti. Mutu anapouawa, mulango unapofungwa bila haki, hesabu inapopotoshwa, tuseme waziwazi, kwa kipimo kimoja kwa wote, aliye wa kwetu na asiye wa kwetu.

Kwa makatekista. Mufundishe mbele ya wakati, si juma la mwisho. Mueleze karatasi ya PV ni nini na kwa nini inabandikwa mulangoni. Muwaambie vijana waisome, waiandike, na wale waliokubaliwa kama wachunguzi waitume kwa tume ya parokia. Muwakataze kabisa kuongeza hata kura moja: shahidi anayeongeza kwa upendo wa mukandida wake anaharibu kazi ya wote. Muwaonye juu ya matusi ya kabila, kwani tunajua tangu 1957 na hasa tangu fujo za mwanzo wa miaka ya 1990 mambo ambayo Katanga ilipata kwa sababu ya maneno hayo.

Kwa Wakristu wanaofanya kazi za Leta. Ninyi wa duane, wa uhamiaji, wa polisi, wa tribinali, walimu wanaokaa katika biro za kura: munaungama kwetu, na munajua kwamba tunawapenda. Uwanja hauinami peke yake. Mikono ya watu inauinamisha. Mukubwa wa Kinshasa hana mukono murefu wa kutosha kufika Kasumbalesa. Anatumia wa kwenu. Tunajua kwamba mukikataa, mushahara ao kazi inaweza kupotea, na watoto watauliza chakula. Kwa hiyo tusiwaache peke yao. Parokia inayohubiri ushujaa na haina kisanduku cha kusaidia nyumba ya aliyefukuzwa kwa ajili ya ukweli, inahubiri nusu tu.

Katika mwezi wa 10 mwaka 2024, akiwa Kisangani, Prezidenti Tshisekedi alitangaza mupango wa kutazama upya katiba, na maaskofu wamekwisha kuonya juu ya hatari yake. Mashauri haya yatafika katika vijiji vyenu pia. Yakifika, muchukue katiba yenyewe, musome pamoja na watu fungu la 70 na la 220, muwaeleze kwa lugha wanayoielewa, ndipo kila mutu ahukumu kwa zamiri yake. Raia aliyesoma hadanganyiki upesi.